Tishu za Mtambo: Uzima Haupimwi kwa Umbo

Mnunuzi wa nazi aliyelizoea soko hachagui kwa macho peke yake. Huiokota nazi, akaitikisa karibu na sikio, akaigonga kwa nazi ya pili, akasikiliza. Maji yakichezacheza ndani, huitia kikapuni. Ikiwa kimya, huirudisha juu ya jamvi. Anajua kwamba uhakika kamili wa nazi hupatikana kwa kuivunja, na nazi iliyokwisha kuvunjwa haiuziki tena. Kwa hiyo hutafuta njia ya kuyajua ya ndani pasi na kuyaharibu ya nje.

Tatizo hilo la sokoni ndilo, kwa sura nyingine, linalowakabili leo wataalamu wanaojaribu kutengeneza tishu za binadamu kwa mtambo: ngozi, gegedu la sikio, kipande cha ini, kiraka cha moyo. Habari zao hutufikia mara kwa mara zikiwa zimepambwa kwa picha za kupendeza, na wengi wetu tukizisoma hudhani kwamba kazi imekwisha, kilichobaki ni kuagiza. Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye hatari. Mtambo unaoweza kulijenga umbo la sikio umefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Nusu nzito ni kuthibitisha kwamba kilichomo ndani ya umbo lile ki hai, ni safi, na kitaendelea kuwa hai baada ya kutiwa mwilini. Nusu hiyo ndiyo tunayokusudia kuieleza, kwa sababu ndiyo itakayowahusu wagonjwa wetu na wakuu wenye dhamana ya afya zao.

Asili ya mambo haya si ya jana. Mwaka 1984 Mmarekani Charles Hull aliomba hataza ya mtambo wa kujenga vitu tabaka juu ya tabaka, kwa kugandisha utomvu kwa mwanga. Akaipata mwaka 1986. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Thomas Boland wa Chuo Kikuu cha Clemson, katika jimbo la South Carolina, pamoja na wenzake, waliichukua mashine ya kupigia chapa ya ofisini, ile inayorusha matone ya wino juu ya karatasi, wakaibadili ili irushe matone yenye seli, yaani zile chembe hai ambazo mwili wote umejengwa kwazo. Tangu hapo mitambo imeongezeka namna na uwezo. Mingine hurusha matone; mingine huukamua wino kwa mdomo mwembamba mithili ya sindano; mingine hutumia leza.

Wino wenyewe ni jeli iliyochanganywa na seli. Jeli hiyo hutoka katika vitu kadhaa, na kimojawapo si kigeni kwetu. Alginate, ambayo hutumika mno katika kazi hii, hukamuliwa kutoka katika mwani wa rangi ya hudhurungi. Wako pia watafiti waliojaribu karajini, ambayo hutoka katika mwani mwekundu wa jamii ile ambayo akina mama wa Unguja na Pemba huipanda, na ambayo kilimo chake cha biashara kilianza hapa Visiwani mwaka 1989. Hatusemi kwamba kesho mwani wetu utakuwa masikio ya watu. Tunasema tu kwamba sayansi hii haikushuka kutoka mbinguni. Imetengenezwa kwa vitu vya duniani, na yaweza kuulizwa maswali ya duniani.

Je, kipande kikitoka mtamboni, ubora wake ni nini? Wataalamu huupima kwa mambo manne. Kwanza, umbo: je, kilichojengwa kinalingana na ramani iliyotiwa katika kompyuta, au jeli imelala na vijitundu vyake vimeziba? Pili, uhai: ni seli ngapi zilizo hai, si saa ile ile tu, bali pia baada ya siku na wiki? Seli inayosukumwa katika mdomo mwembamba kwa nguvu nyingi huweza kuchanika, na iliyojeruhiwa huweza kuonekana nzima asubuhi ikafa jioni. Tatu, kazi: seli za gegedu lazima zijenge gegedu, seli za moyo lazima zidunde pamoja, seli za ini lazima zifanye kazi ya ini. Nne, usafi: kusiwe na bakteria, ukungu wala mabaki ya dawa yatakayomdhuru mgonjwa.

Jambo la pili ndilo gumu kupita yote, na sababu yake ni pumzi. Mwilini mwetu, seli nyingi hukaa karibu mno na vishipa vya damu, umbali wa sehemu moja au mbili za kumi za milimita, yaani unene wa karatasi moja au mbili za kuandikia. Oksijeni haipenyi mbali zaidi ya hapo kwa kiasi cha kutosha. Basi kipande kinene kisichokuwa na njia za damu huishi ukingoni na kufa katikati. Kwa nje huonekana kizima, ndani kimeoza. Ndiyo maana wataalamu walianza na gegedu, ambalo halina mishipa ya damu na huvumilia uhaba wa oksijeni, na ndiyo maana hadi leo hakuna figo wala ini zima la mtambo linalotumika kuwatibia wagonjwa hospitalini.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, wakiongozwa na Tal Dvir, waliuonyesha ulimwengu moyo mdogo uliojengwa kwa seli za binadamu, ukubwa wake kama wa moyo wa sungura, una vyumba na mishipa. Magazeti ya dunia yalishangilia. Lakini watafiti wenyewe walieleza wazi kwamba seli zile zaweza kujikunja, ila bado hazijafundwa kusukuma damu kwa pamoja. Moyo usiosukuma damu una umbo la moyo, lakini kazi ya moyo hauna. Tunawasifu kwa kulisema hilo wao wenyewe, kwani picha ile peke yake isingelisema.

Sasa tutazame macho wanayotumia wapimaji, maana kila jicho lina uwezo wake na upofu wake.

Jicho la kwanza ni kisu. Kipande hukatwa vipande vyembamba, hutiwa rangi, na hutazamwa kwa hadubini. Ndiyo njia kongwe na yenye kuaminika kuliko nyingine, na daktari wa maradhi aweza kuona kila safu. Lakini kisu ni sawa na kuivunja nazi: kipande kilichokatwa hakitiwi tena mwilini mwa mtu.

Jicho la pili ni la rangi mbili. Seli hutiwa kemikali moja ambayo hung'aa kijani ndani ya seli iliyo hai, na nyingine ambayo hung'aa nyekundu pindi inapoingia katika seli ambayo utando wake umekwisha kupasuka. Mpimaji huhesabu za kijani na nyekundu, akapata fungu la zilizo hai. Hutumika hapo hadubini ya konfoka, ambayo msingi wake uliombewa hataza na Marvin Minsky mwaka 1957, na ambayo husoma tabaka moja baada ya jingine. Dosari yake ni kwamba mwanga hutawanyika ndani ya tishu kama taa ya gari katika ukungu. Baada ya sehemu chache za kumi za milimita hakuna kinachoonekana vizuri. Kwa hiyo jicho hili huona ukingo, mahali ambapo seli hupata pumzi, na hushindwa kuona katikati, mahali ambapo seli hufa. Isitoshe, rangi zenyewe aghalabu hukifanya kipande kisifae tena kwa mgonjwa.

Jicho la tatu hutumia mwangwi wa mwanga. Lilielezwa mwaka 1991 na watafiti wa Massachusetts, na madaktari wa macho duniani kote hulitumia leo kuchunguzia retina. Halihitaji rangi wala kisu, na hufika kina cha milimita moja au mbili. Huonyesha tabaka, nyuzi na vitundu vya kipande, hata kikiwa bado chomboni kinakua. Lakini peke yake halisemi kwa uhakika ni seli ipi iliyo hai na ipi iliyokufa.

Baada ya hayo kuna macho yaendayo mbali zaidi: mawimbi ya sauti yanayotumika kumtazama mtoto tumboni, eksirei ya pande zote, ambayo huonyesha mifupa na vitundu vizuri lakini huona tishu laini kwa shida, na miale yake ikizidi huzidhuru seli, na kipimo cha sumaku, ambacho Paul Lauterbur alionyesha picha zake za kwanza mwaka 1973. Hiki cha mwisho hakina miale yenye madhara na hupenya kipande chote, ila ni cha polepole, ni ghali, na hakioni seli moja moja kwa urahisi.

Msomaji ataona mara moja kwamba kadiri jicho linavyoona mbali ndivyo linavyopoteza undani, na kadiri linavyoona undani ndivyo lisivyofika mbali. Hakuna jicho moja linalotosha. Mpimaji mwaminifu huyakusanya kadhaa, na huongeza sikio: huyapima maji ambamo kipande kinalelewa, akatazama sukari iliyoliwa na seli na vitu zilivyovitoa. Seli zikifa na kupasuka humwaga ndani ya maji yale vitu ambavyo seli nzima huvizuia. Hivyo ndivyo nazi inavyogongwa na kusikilizwa bila kuvunjwa.

Hapa yafaa tuwatahadharishe wasimamizi wetu juu ya tofauti moja kubwa. Vidonge vya dawa hutengenezwa maelfu kwa maelfu kwa mkupuo mmoja. Mkaguzi huchukua vichache, akavisaga na kuvipima, na vilivyobaki huuzwa kwa ushahidi wa vile vilivyosagwa. Lakini sikio lililojengwa kwa seli za mgonjwa mwenyewe ni moja. Mkupuo wake ni huo huo mmoja. Ukilikata kulipima, mgonjwa hana sikio. Usipolipima, mgonjwa hana hakika. Wataalamu hutafuta njia ya kati: hujenga kipande pacha kwa wino ule ule na saa ile ile, kikatwe badala ya ndugu yake, hutazama kila tabaka kwa kamera wakati mtambo unapolijenga, kisha hulitazama lenyewe kwa macho yasiyodhuru. Mtu akija kutuambia kwamba tishu yake imepasishwa, swali la kwanza liwe hili: ni ipi iliyopimwa, ni hii hii au ni pacha wake?

Labda atatokea mtu aseme kwamba haya ni mambo ya maabara za Ulaya na Marekani, sisi yanatuhusu nini? Jibu lake limeandikwa kwa msiba wa kijana wa pwani ya Afrika.

Mwezi Juni 2011, mjini Stockholm nchini Uswidi, daktari mpasuaji Paolo Macchiarini alimtia mgonjwa bomba la pumzi lililotengenezwa kwa plastiki na kulowekwa katika seli zilizotoka katika uboho wa mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa alikuwa kijana wa Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland. Bomba lile halikutoka katika mtambo wa namna tunayoizungumza leo, lakini ahadi yake ilikuwa ile ile: kwamba seli zitaota juu ya kiunzi, na kiunzi kitageuka kuwa kiungo hai. Mwaka huo huo jarida kubwa la tiba, The Lancet, lilichapisha habari njema za operesheni ile. Mwezi Januari 2014 kijana yule alifariki. Wagonjwa wengine wawili walitiwa mabomba ya namna hiyo katika hospitali hiyo hiyo. Nao wote wawili wamekwisha kufariki.

Waliofichua ukweli walikuwa madaktari wanne wa hospitali ile ile, ambao mwaka 2014 walilinganisha yaliyoandikwa majaridani na yaliyokuwamo katika kumbukumbu za wagonjwa, wakakuta kwamba hali iliyoelezwa kuwa njema haikuwa njema. Mwanzoni hawakusikilizwa, mwaka 2015 taasisi ilimsafisha mpasuaji. Mwaka 2016 ikamfukuza kazi. Mwaka 2018 jarida likaziondoa makala zake mbili. Na mwezi Juni 2023 mahakama ya rufani ya Uswidi ikamhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu. Miaka kumi na miwili ilipita toka kisu cha kwanza hadi hukumu hiyo.

Tukiuliza ni nini kilichokosekana, jibu si ustadi wa mikono. Kilichokosekana ni kipimo: majaribio ya kutosha kwa wanyama kabla ya binadamu, ushahidi kwamba seli zimeota na si kulowa tu, na picha za ndani ya bomba zilizosomwa na mtu asiyekuwa na maslahi katika jibu lake.

Tusidhani kwamba kipimo ni cha kuwakamata wakosaji tu. Humfaa hata mtu mwaminifu. Mwaka 2006 Anthony Atala na wenzake walieleza katika jarida hilo hilo jinsi walivyowatibu vijana saba kwa vibofu vya mkojo vilivyokuzwa kwa seli zao wenyewe juu ya viunzi vilivyoundwa maabara. Walikuwa wameanza mwaka 1999, na walisubiri miaka kadhaa, wakipima, kabla ya kusema. Dunia ilifurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi. Walakini majaribio yaliyofuata, yaliyofanywa na jopo jingine kwa watoto na vijana wenye maradhi ya uti wa mgongo na kuchapishwa mwaka 2014, hayakuonyesha nafuu iliyotarajiwa, na madhara yake yalikuwa makubwa mno kukubalika. Hakuna aliyedanganya hapo. Kipimo kilifanya kazi yake, na wagonjwa wengine wakanusurika na tiba isiyowafaa.

Kwa sababu hiyo, mwezi Juni 2022, kampuni moja ya Marekani ilipotangaza kwamba mwanamke kijana aliyezaliwa na sikio lililodumaa ametiwa sikio lililojengwa na mtambo kwa seli zake mwenyewe, tulifurahi pamoja na walimwengu, lakini tulifurahi kwa kiasi. Siku ya tangazo matokeo yalikuwa hayajachapishwa katika jarida la tiba ili wengine wayapime. Tangazo ni mlango, nyumba haijaingiwa.

Uko pia mlango wa pili ambao tishu hizi zaweza kutufikia bila sisi kuziona, nao ni mlango wa dawa. Vipande vidogo vya ini na vinginevyo hujengwa ili dawa mpya zijaribiwe juu yake. Mwezi Desemba 2022 Marekani ilibadili sheria yake, ikaondoa sharti la kwamba kila dawa lazima ijaribiwe kwanza kwa wanyama, na kuruhusu ushahidi wa namna nyingine, zikiwamo tishu za aina hii. Ni hatua njema kwa sababu nyingi. Lakini fikiri: ikiwa kile kipande cha ini kilikuwa kimekufa nusu yake kabla dawa haijatiwa, hukumu itakayotolewa juu ya dawa ile ni hukumu ya hakimu aliyelala. Na dawa hiyo yaweza siku moja kushuka bandarini kwetu katika kontena, cheti mkononi.

Hapa ndipo tunapowageukia wakuu wetu. Zanzibar ina Wakala wake wa Chakula na Dawa, na Bara ina Mamlaka yake ya Dawa na Vifaa Tiba. Hatutarajii kwamba watanunua kesho hadubini za mabilioni. Kuuliza hakuhitaji hadubini, na maswali matano hayana gharama.

La kwanza: picha hizi zilichaguliwa na nani? Mtu akienda kupiga picha studio huvaa nguo yake nzuri. Na mtafiti naye hupenda kuonyesha pembe yake iliyo nzuri. Mahali pa kupiga picha pachaguliwe kwa bahati nasibu, na za katikati ya kipande ziwemo. La pili: kiwango cha kufaulu kiliwekwa kabla ya kupima au baada ya kuona jibu? La tatu: seli zilihesabiwa saa ngapi baada ya kujengwa, na zilihesabiwa tena lini? La nne: kazi ya tishu ilipimwa, au uhai wake tu? La tano: nani mwingine, asiyelipwa na mtengenezaji, aliyezisoma picha hizo?

Maswali hayo hayo yafaa yaulizwe mgonjwa wetu anapotaka kusafiri ng'ambo kufuata tiba aliyoiona katika tangazo, akiuza shamba la mikarafuu au nyumba ya urithi. Daktari anayemshauri asione haya kuyauliza kwa niaba yake, na hospitali ya huko isiyotaka kuyajibu imekwisha kujijibu. Nao vijana wetu wanaosomea maabara wajue kwamba sifa ya zama hizi haimo katika kutengeneza peke yake. Anayejua kupima kwa uaminifu atahitajika kila mahali, na kazi hiyo yaweza kuanza na hadubini iliyopo na daftari lisilofutwafutwa.

Hatuandiki haya kuitia baridi elimu mpya. Mtu aliyeungua ngozi, au mtoto aliyezaliwa bila sikio, anangojea kwa haki matunda ya kazi hii, nasi tunamwombea yamfikie. Lakini tunataka yamfikie yakiwa hai. Wahenga walisema nazi mbovu harabu ya nzima. Tishu moja mbovu iliyopasishwa kwa haraka humdhuru mgonjwa mmoja, kisha huwavunja moyo wagonjwa elfu waliokuwa wakiingojea iliyo nzima. Basi na igongwe, itikiswe, isikilizwe, kabla haijatiwa kikapuni.